Njia ya Kuikwepa Kanga

Mume wangu anafundisha jografia, na kama walimu wote wa jografia niliowahi kuwafahamu, haamini kuwa mahali papo mpaka apachore. Wiki ya mwisho ya muhula alirudi nyumbani na kipande cha manila, akakitandaza juu ya meza ya chakula, akakigandamiza kwa kopo la majani ya chai upande mmoja na sahani upande wa pili, akaanza kuchora kisiwa chetu kwa penseli. Kilindoni, tunakoishi, akakiweka chini. Ras Mkumbi, penye mnara wa taa, akaiweka juu kabisa, na kando yake akaandika kwa herufi kubwa: MWISHO WA NCHI KAVU.

"Tunakwenda hapa," akasema. "Kwa pikipiki. Polepole, tunasimama tunapotaka. Tunalala Bweni kwa yule mwalimu mwenzangu, kesho yake tunarudi. Miaka sita nawafundisha watoto wa watu maana ya rasi, na rasi ya hapahapa sijaitia machoni."

Nilikuwa nachambua mchele. Nikasema ni wazo zuri, nikaendelea kuchambua, na nadhani siku ile tulikula wali wenye mawe. Kwa maana barabara ya kwenda Ras Mkumbi ni moja tu, na barabara hiyo inapita Kanga.

Kanga ndiko nilikoanzia kazi. Nilitoka Makete na sweta mbili ambazo sikuzivaa tena, mkunga mpya kabisa, nikapangiwa zahanati ya kijiji. Nyumba ya mtumishi ilikuwa haina paa. Mjane mmoja wa jirani akanichukua kwake, na wala hakunipa chumba, alinipa nusu ya kitanda: upande mmoja mimi, upande mwingine binti yake, rika langu, na chandarua kimoja juu yetu. Nilikaa miaka minne. Yule mama alinifundisha kukuna nazi bila kukuna vidole. Alinifundisha kula pweza. Alinifundisha hata kuamkia, kwa sababu mimi nilikuwa naamkia huku natembea kama mtu anayewahi basi, naye alikuwa ananirudisha kutoka njiani: "Rudi, mwanangu. Ukamwamkie vizuri, naye akujibu, ndipo uende." Mtu akiniuliza Kanga ni kwa nani, nilikuwa najibu ni kwa mama, na nilikuwa sitanii.

Miezi minane kabla ya ile manila, binti yake alinipigia simu asubuhi. Alisema maneno matatu tu: "Mama ametutoka, shoga." Nilikuwa zamu Kilindoni, wanawake wawili wana uchungu na mwenzangu wa kunipokea hajafika. Kwa Waislamu maiti haiwekwi. Alasiri mama alikuwa ameshazikwa, nami bado nilikuwa na glavu mikononi. Siku hiyo nilikuwa na sababu, na hakuna ambaye asingeielewa. Kesho yake nilikuwa mapumziko. Bodaboda zilikuwa zimejipanga stendi, na nauli nilikuwa nayo. Nikakaa uani nikafua sare zangu zote, hata zile safi. Niliogopa kuiona ile nyumba bila yeye. Nilijiambia kesho, halafu nikajiambia siku ya hitima, halafu arobaini. Arobaini nayo ikapita, na baada ya hapo aibu ilikuwa imekwisha kuwa kubwa kuliko mimi.

Mume wangu wakati huo alikuwa bara masomoni. Akanipigia. "Umekwenda kuzika?" Nikasema nimekwenda. "Watu walikuwa wengi?" Wengi, nikasema. Uongo wangu ulikuwa huo tu, maneno mawili, lakini nilikuwa nimeusema kwa mtu anayeniamini.

Na yule shoga yangu hakunipigia tena. Mimi pia sikumpigia. Namba yake ilikuwa kwenye simu yangu, nikiipita haraka kila ninapotafuta namba nyingine. Mama nilikuwa nimeshampoteza. Sasa nilikuwa naishi nikingoja mtu aniambie kuwa na dada nimempoteza, na niliona heri nisiulize.

Basi mtu aelewe nilivyoitazama ile manila. Kisiwani hapa, huwezi kuupita mlango wa wafiwa hujaenda kuhani, kuwapa pole, umejipakia na chupa ya chai, unakwenda kutalii mnara. Bora ukamtukane mtu sokoni, utasamehewa mapema zaidi. Ningesimama Kanga, yule dada angenikataa mbele ya watu, na mume wangu angejua. Nisingesimama, wangetuona, na ingekuwa vibaya zaidi. Nikaona dawa ni moja: safari isipite Kanga.

Jioni ya kwanza nilijaribu kumgeuza mawazo. "Kwa nini tusiende Shungimbili?" nikamwambia. "Kisiwa cha mchanga mtupu, maji unayaona mpaka chini. Wavuvi wana kambi pale, tutakula samaki mbichi kutoka majini."

Akanitazama kama anavyomtazama mwanafunzi aliyejibu swali lisiloulizwa. "Shungimbili hakuna barabara," akasema. "Mimi nataka safari ya barabara."

Jioni ya pili nikaleta viboko. Kaskazini kuna mabwawa yenye viboko, ambao giza likiingia hutoka kula mpunga wa watu, na mimi nilimsimulia habari zao nikatia na chumvi ya kutosha: yule aliyefukuzwa, yule aliyelala juu ya mti. Nilitaka aogope. Badala yake akachukua penseli akachora kiboko mbele ya Kanga, kiboko mzuri tu, mwenye meno, na mshale wa kuonyesha tuegeshe wapi pikipiki tukamwangalie.

Jioni ya tatu ndipo nilipopata akili, na akili yenyewe ilikuwa mbaya. Kabla ya kuingia Kanga kuna njia inayoacha barabara, inakatiza minazi, inateremka pwani. Nikaiwekea kidole.

"Hapa tuiache barabara," nikasema. "Tuteremke ufukweni maji yakiwa yamekupwa, mchanga unakuwa mgumu, pikipiki inakimbia vizuri kuliko barabarani. Tunafuata bahari mpaka huku mbele, ndipo tunapanda tena kushika njia ya Bweni. Hakuna mtu, hakuna nyumba. Wewe si ulitaka kuona bahari?"

Macho yake yaling'aa. Akanyanyua kalamu nyekundu. "Na Kanga?"

"Kanga tunaipita kwa chini."

"Hutaki kusalimia kwenu?"

"Tutasalimia wakati wa kurudi," nikasema. Jinsi ya kurudi nilikuwa bado sijaipanga. Uongo ni hivyo, unapanga hatua moja moja.

Akachora nukta nyekundu kando ya pwani, moja baada ya nyingine, kwa uangalifu wa mtu anayeshona. Alifurahi mpaka akaniinukia akanibusu kwenye paji la uso. "Ningejua ningekuuliza tangu mwanzo," akasema. "Wewe ndiye mwenyeji."

Kuendesha ufukweni kunataka kujua maji, na maji niliyajua, kwa sababu mama wa Kanga alinifundisha kuyahesabu kwa mwezi. Mwezi ukiandama, na tena ukifika kumi na nne, kumi na tano, bahari hutembea mbali. Hiyo ni bamvua, na asubuhi saa nne unaweza kwenda kwa miguu mpaka mahali ambapo jioni mashua zinaelea. Mwezi ukiwa nusu, bahari haisogei, inapanda kidogo inashuka kidogo kama mgonjwa anayejigeuza kitandani. Hayo ndiyo maji mafu. Nilimkumbuka akinihesabia kwa vidole vyake, uani, na nikaona haya kwamba elimu yake naitumia kuikwepa nyumba yake. Lakini nilihesabu. Tukachagua Jumamosi ya siku mbili baada ya mwezi kuandama.

Zile siku za matayarisho, nakiri, zilikuwa tamu. Mume wangu ni mtu wa orodha. Nyuma ya manila aliandika plagi ya akiba, spana ya plagi, tyubu, pampu, kamba. Mafuta akanunua ya ziada akayatia kwenye dumu, maana vijijini huuzwa kwenye chupa za maji na yeye hayaamini. Mimi nikaongeza shuka mbili, mihogo ya kuchemsha, samaki wa kukaanga, chapati sita. Akauliza kwa nini sita. Nikamwambia nne za kwake. Jioni tulikaa barazani tukibishana kama tusimame penye mikorosho au tungoje mpaka penye mandhari ya bahari, na kuna wakati nilisahau kabisa kwamba ile safari niliijenga juu ya uongo. Nilikuwa mke wa mtu anayekwenda matembezi na mumewe.

Alhamisi akarudi kutoka shuleni amenuna. Kulikuwa na kikao cha wazazi Jumamosi, walimu wote wawepo.

"Si neno," akasema baada ya kula. "Tusogeze wiki moja tu. Bahari haiendi popote."

Hapo nilipaswa kucheka. Kisiwani hapa bahari ndiyo inayokwenda kuliko sisi sote. Wiki moja baada ya bamvua ni maji mafu, mtoto wa Kanga wa miaka saba anajua, na mimi nilijua. Nilikuwa na maneno mawili tu ya kumwambia. Lakini ningemwambia maji mafu, angesema basi, tupite barabarani, kuna tatizo gani? Nikanyamaza. Mimi, ninayewafokea wajawazito kila siku kwa kuficha uvimbe wa miguu, ninayesema mara kumi kwa wiki kwamba mficha maradhi kifo humuumbua, nilikaa kimya nikaosha vyombo.

Nilichofanya ni kusogeza saa. Maji mafu pia hupwa, ila kidogo, na hupwa alasiri. Nikamwambia tuondoke mchana badala ya asubuhi.

"Kwa nini mchana?"

"Tutaikuta jioni nzuri Bweni."

Akafuta "saa 2 asubuhi" akaandika "saa 6 mchana". Hakuuliza mara ya pili, na hiyo iliniuma kuliko kama angeuliza.

Tukaondoka. Sitasema uongo mwingine: njia ilikuwa nzuri. Tulipita kwenye minazi iliyosimama kimya kwa safu, kisha mikorosho, kisha vichaka ambavyo havina mwenyewe, ndege wanatoka chini ya tairi. Mara bahari inaonekana mbali, mara inafichwa tena. Mume wangu alikuwa akipunguza mwendo kila mahali alipopachora, ananionyesha kwa kidevu. Alisimama penye mikorosho, kisha akasimama na penye mandhari ya bahari, ili pasiwe na mshindi. Nilimshika kiuno nikaweka shavu mgongoni kwake. Nilikuwa na amani, kwa kiasi ambacho mwongo anaweza kuwa nayo.

Penye ile njia ya minazi tukaiacha barabara.

Ufukwe wa mwanzo ulikuwa sawa. Palikuwa na ukanda wa mchanga mgumu, upana wa mkeka, na pikipiki ikatambaa juu yake vizuri. Mume wangu akapiga kelele ya furaha. Lakini ukanda ule ulikuwa unazidi kuwa mwembamba, na bahari ilikuwa imekaa palepale, tulivu, haina nia ya kwenda kokote. Akaniuliza bila kugeuka, "Si ulisema itakuwa imetoka?" Nikamwambia inatoka. Tukapita kwa juu kidogo, penye mchanga laini, pikipiki ikaanza kuyumba.

Halafu tukafika kwenye kijito. Siku za bamvua kile kijito ni mchirizi tu, unauruka. Siku ile kilikuwa na maji ya magotini, na tope chini yake, na mikoko kushoto kwetu imefunga njia ya kupanda. Mume wangu alizima injini, akatazama, akawasha tena. Nikamwambia turudi. Akasema nukta zinaendelea ng'ambo.

Tuliingia. Gurudumu la mbele lilizama, la nyuma likazunguka, na sote wawili tukalala ubavu ndani ya maji ya chumvi kama watoto. Hakuna aliyeumia. Chapati zilielea. Mume wangu alisimama ameshika miwani yake, akanitazama, kisha akaanza kucheka, na mimi nikaanza kucheka naye, mpaka niliposikia kicheko cha tatu.

Ng'ambo ya kijito, kando ya mikoko, palikuwa na wanawake wanne wanafukua makumbi. Maganda ya nazi hufukiwa kwenye tope la pwani miezi mingi mpaka yalainike, kisha hufukuliwa, hupondwa, husokotwa kamba. Walikuwa na tope mpaka mapajani. Aliyecheka alikuwa na jembe mkono wa kushoto, na mimi katika maisha yangu namjua mwanamke mmoja tu anayelima kwa mkono wa kushoto.

Kicheko chake kilikatika. Alinitazama. Miezi minane. Nilitamani kijito kiwe kirefu zaidi.

Kisha akatupa jembe, akaingia majini. "Shikeni nyuma!" akawaambia wenzake. "Shemeji, usiwashe, utaiua injini. Sukuma tu." Wanawake wanne na mume wangu wakaitoa ile pikipiki, mimi nimeshika mfuko wa mihogo kifuani kana kwamba ndiyo iliyokuwa inazama. Hakusema nami neno. Ilipofika pakavu, mume wangu, ambaye amelelewa vizuri, akajifuta mkono kwenye shati, akamnyooshea.

"Shemeji, asante sana. Na pole kwa msiba wa mama. Mwenzangu alinisimulia alivyokuja kuzika. Mimi nilikuwa bara. Aliniambia watu walikuwa wengi."

Nilikuwa nimesimama hatua mbili tu kutoka kwake. Yule dada alimtazama mume wangu, kisha akanitazama mimi, sijui kwa muda gani.

"Walikuwa wengi, shemeji," akasema. "Haya, twendeni nyumbani mkakauke."

Tukapanda kijijini, mume wangu akisukuma pikipiki na kuuliza habari za makumbi, yeye akimjibu kwa upole. Mimi nyuma, ninachuruzika. Mlangoni alikuwapo bibi jirani anapeta mpunga. Nikamsogelea nikasimama, nikainama kama nilivyofundishwa.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, mwanangu, marahaba! Nesi wetu! Habari za siku nyingi?"

"Njema, bibi."

"Tangu msibani hatujakutia machoni. Ukaja na usiku, ukaondoka na alfajiri, hata maji hatukuwahi kukupa. Ndiyo kazi yenu hiyo, Mungu atakulipa."

Sikumwelewa. Mume wangu alimwelewa, na akatabasamu. Mwanamke mwingine akatokea uani: karibu nesi, tangu ule usiku. Kila aliyenipa mkono alinipokea kama mtu aliyekwisha kutoa pole, na mimi nikaipokea mikono yao yote nikiwa sijui nimeingia nyumba gani.

Mume wangu akabaki barazani na pikipiki, anafungua plagi. Yule dada alinawa miguu, akaingia ndani, nami nikamfuata. Kilikuwa chumba kilekile. Kitanda kilekile, kimetandikwa. Chandarua kimefungwa fundo juu. Harufu ya udi hafifu, na kando ya mlango zile kandambili za mama za kuendea uani, kisigino kimelika upande mmoja. Miezi minane nilikuwa nimeuogopa mlango ule. Nilitazama zile kandambili nikaona kwamba nilikuwa na haki ya kuuogopa.

"Uliwaambia nilikuja?" nikauliza.

"Waliniuliza." Sauti yake haikuwa ya ugomvi. "Siku ya kwanza wakaniuliza, nesi yu wapi? Hitima wakaniuliza. Mtu kala humu, kalala humu miaka minne, mama akimwita mwanangu. Niwaambieje? Niwaambie hakuja? Nikasema kaja usiku, watu wamelala, kanililia mimi, karudi kazini alfajiri."

"Kwa nini?"

"Nikusitiri. Ungekuja kesho yake wala nisingekuwa nimesema uongo mkubwa." Alikunja kanga yake mabegani. "Kijiji kizima kinajua ulikuja, shoga. Mimi tu ndiye niliyekungoja."

Kwanza nililia, kisha nikatoka nje, kwa sababu nilijua nikikaa chini pale huku nimeacha ule uongo barazani, nitakuwa sijakaa.

Mume wangu alikuwa amechuchumaa, anaifuta plagi kwa pindo la shati. Ile manila ilikuwa imelowa, ameianika juu ya kiti cha pikipiki, na nukta nyekundu zilikuwa zimevuja zikaungana. Nikamwambia. Nilimwambia yote nikiwa nimesimama: sikuja kuzika, sikuja hitima, nilifua nguo. Alisikiliza bila kuinuka.

"Kwa hiyo ile njia ya ufukweni," akasema.

"Ndiyo."

"Na maji? Ulijua?"

"Nilijua."

Aliigeuza ile plagi mkononi. Bibi jirani aliendelea kupeta mpunga, na kama alisikia, hakuonyesha. "Jioni tatu nimechora," akasema mume wangu, na sauti yake ilikuwa imeumia, sikuwahi kuisikia hivyo. "Ungeniambia tu. Ningekuleta siku ileile niliyorudi."

"Najua."

"Hujui. Ungejua ungeniambia." Akapulizia plagi. Halafu akasema, kwa upole zaidi, bila kunitazama, "Rudi ndani. Mnara haujahama. Nitampigia mwalimu wa Bweni nimwambie tusingojwe."

Nikarudi. Yule dada alikuwa ametandika mkeka chini, pale wanawake wanapokaa nyumba ikiwa na msiba, ameegemea ukuta, miguu ameinyoosha. Nikasimama mbele yake nikampa mkono kwa mikono yangu miwili.

"Pole kwa msiba," nikasema. "Pole kwa mama."

Kwetu huku neno hilo lina jibu lake. Kila mtu hulijua, hulisema hata maiti ikiwa bado ndani, hulisema hata mama aliyezika mtoto: tushapoa. Unalisema ili aliyekuja asibebe mzigo wako. Nilikuwa nalingoja. Wengine wote waliokuja miezi ile minane, aliwajibu hivyo.

Aliushika mkono wangu, hakuuachia.

"Mimi sijapoa," akasema. "Kaa."

Nikavua viatu, nikakaa.